Siku ya Sita Baada ya Operesheni, Nilipotoroka Kwenda Kununua Papai

Naanza kwa kukiri: nimewahi kulala chali kwenye sakafu ya duka la matunda pale Merrylands, huku ughaibuni ninakoishi, watu wamenizunguka kama msiba, na mama mmoja akatangaza kwa sauti ya kwaya kwamba sijaenda choo siku tano, na alichosema kilikuwa kweli. Aibu hii nimekaa nayo miezi minane. Chekeni mnavyotaka, ila mjue siku ile mimi sikucheka, niliogopa kuliko hata siku nilipoingizwa chumba cha upasuaji.

Mimi ni mtu wa Morogoro, natengeneza meno ya bandia kwenye karakana moja huko Seven Hills, na nilipozaliwa waliniita mvulana. Jina hilo silitaji. Langu ni Salome. Nilisubiri miaka mingi mpaka nikafanyiwa operesheni ya kuufanya uso wangu uwe wa kike: wakachana ngozi ya kichwa kutoka sikio hili mpaka lile, wakasaga mfupa wa paji la uso, wakapunguza taya, wakarekebisha pua. (Mimi ambaye kazi yangu ni kusaga meno kutwa nilijiambia nazijua mashine hizo. Thubutu!) Paji la uso halikuuma, lilikuwa ganzi tu, nikiligusa kama nagusa la mtu mwingine, lakini taya ilipwita mchana na usiku, na mdomo haukufunguka zaidi ya upana wa kijiko. Maumivu yana dawa. Hofu ndiyo iliyonimaliza. Kila nikijitazama kwenye kioo naona mtu aliyegongwa na lori, macho yamebaki mistari miwili, nawaza, na uvimbe usipotoka? Na kama nimeuharibu uso alionipa mama yangu na mwingine sikuupata?

Ninaishi na Neema, Mkongo wa Uvira, anayefanya kazi ya kuhudumia wazee. Yeye ndiye aliyeniuguza. Asubuhi ya siku ya sita, akiwa mlangoni na sare yake, akanikumbusha sheria.

"Usiiname, usibebe kitu, usipenge pua, usitoke. Ukitaka kitu unanitelefonia. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Kuna kitu unataka?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Zile dawa za maumivu zinafunga tumbo, hilo madaktari hukuambia kwa sauti ndogo, na mimi tangu hospitali sikuwa nimepata choo, tumbo gumu kama ngoma, na huyu Neema aliyeniosha damu shingoni na kunilisha supu kwa mrija nikaona aibu kumwambia. Nikasema, "Hapana." Alipoondoka tu nikaanza kutafuta viatu.

Mpango wangu ulikuwa mdogo, niende nikanunue papai, nirudi, dakika ishirini. Nikameza dawa ya maumivu tumbo tupu (kosa), nikavaa miwani myeusi, barakoa, mtandio juu ya bandeji, na koti la kofia juu ya mtandio, siku ya joto. Yaani nilikuwa kama mtu anayekwenda kuiba benki. Njiani kila hatua naisikia ndani ya fuvu, du, du, lakini nilishafika kona, nikaona aibu kurudi. (Mnaona ugonjwa wangu? Aibu tupu.)

Mapapai yaliyoiva walikuwa wameyaweka kwenye kreti la chini kabisa. Nikasimama nikiyatazama. Nikajua kabisa kwamba siruhusiwi kuinama. Kwa nini sikumwambia mtu aniokotee? Kwa sababu nyuma yangu, kwenye ndizi, nilisikia sauti ninayoifahamu. Ilikuwa sauti ya Mama Riziki.

Mama Riziki anaongoza kwaya ya Waswahili tuliyokuwa tunasali nayo, Wakongo na Watanzania pamoja. Nilimwimbia besi miaka minne, kisha nikapotea bila kuaga, na tangu nipotee nilikuwa navuka barabara nikimwona mtu wa kanisa. Wazo langu likawa moja tu, chukua papai utoke. Nikainama.

Damu yote ilikimbilia usoni. Niliisikia, sitanii, kama bomba limefunguliwa nyuma ya macho, kisha kitu cha moto kikashuka puani, barakoa ikalowa, nikaona nyekundu inadondokea kwenye papai. Nikawaza, nimekwisha. Mishono imeachia, mfupa umefunguka, nakufa kwa ajili ya tunda. Nikataka kushika meza, mkono ukakosa, nikaenda chini.

Nilipofumbua macho miwani haipo, barakoa imeshuka, na Mama Riziki ameinama juu yangu akipiga kelele.

"Eh Yesu! Bamemuua! Bwana yake amemupiga! Muangalie macho!"

Nikajaribu kusema sijapigwa, taya ikatoa "sijafifwa". Mlinzi akaja, mtu akaanza kuita polisi, mtu mwingine ambulensi, na wasichana wawili wakanyanyua simu zao kunirekodi. Nikaona video ile ikiruka kutoka kikundi kimoja cha simu hadi kingine, mpaka Morogoro, mpaka mkononi mwa mama yangu ambaye hakujua lolote. Nikajaribu kuvuta mtandio nijifunike uso, na kila nikisogea damu inazidi.

"Wekeni telefone!" Mama Riziki akawafokea. "Mtu anakufa, nyinyi munafanya sinema?" Akavua kitenge chake cha mabegani, akanifunika.

Watu wa ambulensi wakafika, dada mmoja mpole akapiga magoti, akaanza kuniuliza kwa Kiingereza, dawa gani, operesheni lini, choo lini. Kiingereza nakijua, ila kwa mdomo ule sikuweza, nikawa napepesa macho tu. Mama Riziki akaona huyu haelewi, akajipa kazi ya ukalimani.

"Anauliza, tangu siku gani haujaenda choo?"

Nikanyoosha vidole vitano.

"Siku tano!" akatangaza. "Siku tano, maskini, haendi!"

Ningependa mkasa uishie hapo. Lakini yule dada akatoa kadi ya matibabu kwenye pochi yangu, na kadi ilikuwa bado na jina la zamani, akalisoma kwa sauti, jina na ubini.

Mama Riziki akalirudia polepole. Akaniangalia macho, akaniangalia mikono. Mikono haikufanyiwa operesheni.

"Ni weye?"

Mnajua nilijibu nini? Nimelala chini, damu puani, nikasema, "Shikamoo, mama."

Akakaa kitako juu ya kreti la viazi. "Tulikuombea kama mtu amekufa," akasema, na sikujua ni hasira au kilio. Nikafumba macho nikisubiri aondoke na kitenge chake. Waliponiinua na kuuliza nani anafuatana na mgonjwa, nikasikia, "Mimi."

Kwenye gari hakunisamehe. Alinisema njia nzima, kwamba hakubali, kwamba haelewi, kwamba besi haijapata mtu mpaka leo. Kisha akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Inauma?" Nikasema, "Inauma, mama. Na ninaogopa." Akanishika mkono mpaka tunafika.

Hospitali wakanikagua, mishono haikuachia. Damu ilikuwa ya pua, na nyingine kidogo iliyokusanyika chini ya ngozi ya paji la uso, wakaivuta kwa sindano. Neema alikuja na sare yake, akanitukana kwa Kiswahili na Kifaransa, kisha akalia. Mama Riziki kabla ya kuondoka aliniuliza kama mama yangu anajua.

"Hajui."

"Mwambie weye mwenyewe. Miye sitasema, lakini wale watoto wenye telefone siwezi kuwafunga mdomo."

Nikapiga simu jioni ile ile, kwao bado asubuhi. Nilisema yote, kwa mdomo ule mbovu, Neema akinishikia simu. Mama akauliza, "Sasa nani anakupikia?"

Hajaniita Salome mpaka leo. Lakini hupiga kila Jumapili, na juzi akaniomba nigeuke upande aone taya.

Sasa kiapo changu. Kitu cha kumwambia mtu mmoja, chumbani, mlango umefungwa, nitakisema hata kama ni cha choo. Mimi nilikikimbia, nikaja kukisikia kikitangazwa kwa watu wa Merrylands wote, na siku nikijaliwa kupata tena choo cha shida, nawaapia, Neema atajua kabla hata hajavaa viatu.