Mama Aliyeombewa Baridi

Jumamosi iliyopita nilishuka treni Rissne, huku Uswidi, nikapanda basi hadi kile kilima chetu, nikakuta wanaume wawili wakikata nguzo za lifti kwa msumeno. Mmoja akaniuliza kama nimepotea. Nimepotea! Mimi niliyekulia pale! Nikamwambia kwa ukali kwamba nguzo hiyo anayoikata aliipaka rangi mama yangu. Akasema, "Jaha," yaani "kumbe" ya Kiswidi, akaendelea kukata.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu. Kilima chenyewe si kitu; ukishuka na skii unafika chini kabla hujamaliza kupiga kelele. Lakini kilikuwa na lifti ya kamba iliyowavuta watoto hadi juu, na mizinga ya kutengenezea theluji, na fundi wa vyote hivyo alikuwa mama. Tulitoka Burundi wawili tu, mimi nikiwa mgongoni. Huko kwetu alikuwa akiendesha kinu cha kusaga mahindi, kwa hiyo lifti haikumtisha. "Mota ni mota," alisema, "hata ukiivalisha koti."

Oktoba ilikuwa raha yangu. Nikitoka shule naenda moja kwa moja kilimani. Mama yuko juu ya nguzo, anazungusha kila gurudumu kwa mkono na kulisikiliza, kisha analipaka grisi. Mimi nafuta vishikio kwa kitambaa kabla havijatundikwa kwenye kamba. Tunavuta mipira ya maji pamoja, tunafungulia bomba litoe mchanga. Halafu tunakaa kibandani na chapati iliyokunjiwa maharage, na chai ya tangawizi, mikono yote inanuka grisi. Nilikuwa na mama yangu, basi.

Kisha baridi ikashuka chini ya sifuri, ambapo ndipo mizinga inaweza kutoa theluji, na mama akaondoka. Mizinga haiachwi peke yake; midomo yake huziba barafu, ukisinzia imekufa. Akawa analala kibandani. Nilirudi kutoka shule nikakuta sahani imefunikwa mezani, kitanda chake kimetandikwa vilevile, na friji inanguruma. We acha tu. Niliwasha redio nipate mtu wa kuongea.

Kila Ijumaa watu wetu walikuja sebuleni kwetu kwa maombi: Warundi, Wakongomani wachache, na jirani yetu wa mlango wa pili, Mkenya mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Kila mtu alitoa hoja yake. Huyu mtoto anaumwa, yule ndugu zake bado wako kambini. Mwaka mmoja wa Desemba yenye joto, ilipofika zamu ya mama, akasema, "Mimi mniombee baridi."

"Woi!" jirani akaruka. "Sisi hapa tunatetemeka, na wewe unaagiza nyingine?"

Watu walicheka, lakini mama hakuwa anatania. Theluji isingepatikana mwaka ule, kilima kingefungwa, na kazi yake ingeisha. Ndipo nikasimama, mtoto mdogo mimi, nikasema, "Mimi naomba joto. Mpaka Lusia ipite." Maana asubuhi ya Lusia, sikukuu ya mishumaa ya Waswidi katikati ya Desemba, ningetangulia mbele ya shule nzima, gauni jeupe na taji la mishumaa kichwani, na nilitaka mama anione. Basi.

Hakuna aliyecheka tena. "Ee Bwana," jirani akasema polepole, "nyumba moja, maombi mawili. Utajua mwenyewe." Mama alifumba macho, mkono wake juu ya goti langu, midomo ikienda. Hadi leo sijui aliomba lipi.

Baridi ilikuja mkesha wa Lusia. Mama akavaa nguo zake za kazi, akanibusu, akaenda. Asubuhi jirani akaingia akishangilia, "Mungu si Athumani! Mama yako kapata baridi yake!" Akaniona uso, akanifunga mkanda wa gauni.

Niliimba nikiutazama mlango wa ukumbi. Mlango haukufunguliwa. Walipogawa mikate ya zafarani ya sikukuu niliuacha wangu, na jirani, aliyekuja nami, akanishika mkono, akanipeleka kilimani na gauni langu chini ya koti.

Mama alikuwa katikati ya mizinga, nyusi zimeganda, nyeupe kama za bibi kizee. Alipoliona gauni alipiga magoti kwenye theluji yake, akaniashiria niimbe. Mizinga ilinguruma hata mimi sikujisikia. Akaweka sikio karibu na mdomo wangu, akangoja wimbo wote. Nikamaliza. Alikuwa analia. Nami nilikuwa bado na hasira naye, nikamshika shingo nikakataa kumwachia, mpaka jirani akanibandua.

Kilima kikapona mwaka ule, na miaka mingine kadhaa. Mama alifariki kabla hakijafungwa, afadhali hakuona msumeno. Jirani alirudi Nakuru. Ijumaa zile zilikufa. Watoto wetu wanatujibu kwa Kiswidi, na kila mtu ana mlango wake.

Jumamosi ile nilirudi kwangu Hässelby na mvua. Desemba sasa ni mvua tu, theluji imekuwa hadithi. Kwa hali hii mama asingeitwa kazini hata siku moja. Angeshinda nyumbani, akinigombeza kwa nini sili, akiniuliza nimevaa nini miguuni. Ningekuwa naye majira yote ya baridi, mimi peke yangu. Joto nililoliomba limekuja, jamani, na mama hayupo.