Aliyecheza kwa Jina Langu

Katika timu ya netiboli ya chuo chetu cha ualimu, nje kidogo ya mji wa Mwanza, mimi nilikuwa mchezaji wa akiba. Mwalimu wa michezo alinichagua kwa urefu wangu tu. Mpira ukinifikia chini ya pete, vidole vilikufa ganzi. Mwaka wa kwanza mzima nilifunga mabao matatu, na moja kati ya hayo mlinzi alikuwa ameteleza.

Mfungaji wetu alikuwa rafiki yangu. Tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu, mimi chini. Alikuwa Mjita wa vijiji vya ziwani upande wa Mara, binti wa mwinjilisti, na shuleni kwao pete ilikuwa ukingo wa ndoo uliopigiliwa kwenye mti, mdogo kiasi kwamba mpira ulipita kwa kusugua. Alisema pete ya chuo aliiona pana kama mlango.

Karibu na mwisho wa mwaka wa kwanza, matroni alitupanga mstari akatukagua matumbo. Rafiki yangu alikutwa na mimba ya miezi mitano. Alipewa hadi saa sita mchana awe ametoka. Mwanamume alikuwa mnunuzi wa sangara, mmoja wa wale waliokuja na magari ya barafu viwanda vya samaki vilipoanza kufunguliwa. Alipoulizwa, alisema hamjui. Nilimsaidia mwenzangu kubeba sanduku hadi barabarani.

Mwaka uliofuata chuo chetu kikapewa kuandaa mashindano ya netiboli ya vyuo vya wanawake wa kanda. Wiki mbili kabla, mwalimu wa michezo aliniita kwenye stoo ya majembe na mipira. Alinieleza kwamba amemwandikia rafiki yangu, naye amekubali kuja kucheza. Tatizo, jina lake halimo tena kwenye orodha ya wanachuo. Langu limo. Urefu wetu ni mmoja, na picha za vitambulisho vyetu zilikuwa na ukungu hata mama mzazi asingemtambua mtu. Angecheza kwa jina langu na kitambulisho changu, na mimi ningekaa mbali na uwanja. Tukichukua kombe, angerudishwa chuoni.

Niliuliza kama mkuu wa chuo ameahidi hivyo kwa kinywa chake.

"Mkuu anasikiliza matokeo," alinijibu.

Nilikubali. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilikubali kwa ajili yake. Ni kweli, lakini vilevile nilifurahi kuondolewa aibu ya kukaa benchi na herufi za nafasi kifuani.

Alifika kwa basi la Musoma siku tatu kabla ya mashindano. Mtoto wake wa kike, wa miezi saba, alikuwa amebaki kwa bibi yake, na maziwa yalikuwa bado yanamtoka. Nilimkaza kifua kwa vipande vya kanga, nikamvalisha fulana. Fulana zetu zilikuwa za mitumba, zenye maandishi ya shule za Ulaya, nasi tulishonea herufi zetu juu yake. Hakulalamika. Aliniuliza tu jinsi ninavyosaini jina langu, akajifunza saini hiyo kwenye kipande cha gazeti.

Zilikuja timu tano. Wale wa Bukoba walikuwa na viatu vyeupe vya kufanana, na pasi zao zilikuwa fupi za kasi, na tuliwaogopa mpaka jua la saa nane lilipowachosha. Wale wa Shinyanga walikuwa na sentaa mmoja mfupi aliyekimbia kama hana mapafu ya kuchoka. Lakini timu iliyowanyamazisha watu ilitoka ng'ambo, upande wa Sengerema. Walifika wamechelewa kutoka kivuko cha Kigongo, mabegi vichwani, vumbi mpaka kwenye kope, wakavua viatu na kuingia uwanjani peku. Mlinzi wao wa goli alikuwa mwanamke mkubwa, mpole wa sura, mwenye mikono iliyokuwa inafika mahali mpira ulipokuwa unakwenda kabla haujafika. Katika mechi mbili za kwanza alifungwa mabao tisa tu.

Mimi nilitazama kutoka nyuma ya choo cha bweni, nikiwa nimejifunga kitenge kama mpishi. Rafiki yangu alifunga kila namna. Alikuwa anaupokea mpira, anatulia kidogo kama mtu anayekumbuka kitu, halafu anauachia. Watazamaji walianza kumshangilia kwa jina, na jina walilolitaja lilikuwa langu.

Siku ya pili ya mashindano, kwenye bomba la maji, yule mlinzi wa Sengerema alimsalimia kwa Kijita. Walikuwa wamesoma shule moja ya msingi, madarasa mawili tofauti. Rafiki yangu alinisimulia baadaye bwenini. Alimwomba asiseme, akamweleza kuhusu mtoto na kuhusu ahadi ya kurudishwa. Mlinzi yule alifikiri, kisha akamwambia kwamba hatasema kwa mtu yeyote, ila pia hatamwachia bao hata moja. Alitimiza yote mawili, mpaka pale alipokuja kusahau.

Fainali ilikuwa kati yao na sisi. Hadi robo ya mwisho tulikuwa mbele kwa mabao mawili. Ukaja mpira mrefu, wakaruka wote wawili. Mlinzi alitua vizuri. Rafiki yangu alitua na mguu mmoja juu ya jiwe lililokuwa limejitokeza ardhini, na nilisikia mlio wake nikiwa kule nyuma ya choo.

Mlinzi yule alipiga magoti, akamshika rafiki yangu kichwa, akamwita kwa jina lake halisi. Alirudia mara tatu, kwa sauti, mbele ya waamuzi na viongozi wote. Uwanja ukatulia. Mwamuzi mmoja akainama akauliza mchezaji huyu ni nani hasa. Mwalimu wetu alianza kusema kwamba mlinzi amechanganya watu, lakini mwamuzi alitaka kusikia kutoka kwa majeruhi mwenyewe.

Alikuwa amelala kwenye vumbi, kisigino kikiangalia kusikostahili. Akasema, "Amenifananisha. Mimi ni..." Akataja jina langu, majina yote matatu, kwa mpangilio sahihi.

Alibebwa kwenye pikapu ya chuo. Kwenye karatasi mfungaji wa akiba nilikuwa mimi, na jina langu ndilo lililokuwa limebebwa, kwa hiyo hatukuwa na wa kumwingiza. Tulicheza sita, tukafungwa kwa tofauti ya bao moja.

Kule hospitali aliandikishwa kwa jina langu. Mwalimu alinikataza kutoka bwenini, maana mtu hawezi kulazwa na papo hapo akaonekana anatembea. Nilikaa kitandani siku mbili, nimefunga dirisha, nikiletewa uji. Siku ya tatu ilikuwa ya kufunga mashindano na kugawa zawadi, na mgeni rasmi alituma salamu kwamba angependa kupita hospitali kumpa pole yule binti shujaa. Hapo ndipo mwalimu na matroni walipoogopa kwamba angehojiwa na ukweli ungetoka. Asubuhi ile, kabla mfupa haujarudishwa mahali pake, walimtoa, wakamfunga vitambaa, wakampandisha basi la Musoma. Mgeni rasmi akaambiwa amepata nafuu na atakuwepo kwenye sherehe.

Halafu walinijia mimi. Matroni alinizungushia bendeji mguu wa kulia kutoka vidoleni hadi chini ya goti, na mwalimu akanipa fimbo. Nilifundishwa kuchechemea kwenye korido ya bweni. Nilipotajwa, nilitembea hatua kama ishirini mbele ya timu zote tano. Walinipigia makofi wamesimama. Mgeni rasmi aliniinamia, akanipa cheti cha Mfungaji Bora na kuniambia taifa linahitaji walimu wenye moyo kama wangu. Nilimshukuru. Yule mlinzi wa Sengerema alikuwa mstari wa pili. Hakupiga makofi. Alinitazama mguuni, kisha usoni, akageuza kichwa akaangalia milima.

Tulipomaliza chuo, ajira ya serikali haikuwa tena ya uhakika kama ilivyokuwa kwa waliotutangulia. Wenzangu wengi walirudi nyumbani kungoja. Mimi nilichukuliwa na shule binafsi mpya ya mjini iliyotaka mwalimu wa michezo. Mwenye shule alikisoma cheti kile, akasema kinatosha.

Nilimkuta tena rafiki yangu miaka minne baadaye, Igogo, karibu na ziwa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anakaanga mapanki, yale mabaki ya sangara ambayo viwanda huuza baada ya kuondoa mnofu. Mguu ulikuwa umeunga vibaya, umepinda kwa ndani, na mtoto wake alikuwa ndiye anayeinuka kila kitu kilipohitajika. Alinitambua kabla sijasema neno. Aliniuliza habari za nyumbani, akanipa kigoda.

Nilimwambia kuhusu cheti. Akasema angependa kukiona, na kesho yake nikamletea. Alifuta mikono kwenye kitenge, akakisoma mstari kwa mstari, mpaka sahihi za chini.

"Jina lako wamekosea herufi," akasema, akanirudishia.

Nilimwomba anisamehe. Alisema kwamba siku zile mbili hospitalini alikuwa amelala ameelekea mlango. Alijua nikifika na kusema ukweli atahudumiwa kwa jina lake, na hakuna atakayekuwa na sababu ya kumwondoa. Nilimweleza kwamba mwalimu alikuwa amenikataza kutoka.

"Chuo kilikuwa na ukuta?" akaniuliza.

Hakikuwa na ukuta. Kilikuwa na michongoma michache na njia ya watu katikati, tuliyopita kila Jumamosi kwenda sokoni.

"Hakikuwa nao," nikasema.

Akageuza samaki, upande mmoja, kisha mwingine. Mteja alikuja na sahani yake, ikabidi nisimame nimpishe.