Rimoti Ilikuwa Nyumba ya Pili

Sogea karibu, msikilizaji wangu, nikueleze habari ya televisheni ya mama yangu. Nitakwenda taratibu. Na kama umewahi kumwonea mtu wivu kwa sababu ya king'amuzi, usione haya. Wengi tumepita huko, wala hakuna aliyekufa.

Sisi watu wa Upareni tuna desturi ya kujenga nyumba mlimani kisha kuifunga. Mdogo wangu wa kiume anaishi Dar es Salaam na familia yake, lakini nyumba yake iko kijijini kwetu Pare Kusini, kiwanja kimoja na ya mama yetu, hatua thelathini kutoka mlango hadi mlango. Miezi kumi na moja inakaliwa na buibui. Desemba ikifika inafunguliwa, magodoro yanaanikwa juani, na watoto wa mjini wanaanza kulalamika baridi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Same, chini tambarare, kwa hiyo sisubiri Krismasi. Kila baada ya Jumamosi moja napanda kumwona mama. Ni mimi ninayejua dawa zake za presha zimebaki ngapi. Ni mimi ninayejua mguu upi unamsumbua ukungu ukishuka.

Sasa mwaka juzi wifi yangu, mke wa huyo mdogo wangu, alikuja na televisheni pana kama meza ya kulia, pamoja na dishi. Tangu siku hiyo hadi walipoondoka, mama sikumpata tena jioni. Akishakula tu anajitanda khanga ya pili, anachukua mkongojo wake, anakwenda zake nyumba ya pili kuangalia tamthilia ya kigeni iliyotiwa sauti za Kiswahili. Mimi nabaki jikoni na sufuria la makande, nasikia kicheko chake kikitokea dirishani kwa mwanamke mwingine. Asubuhi ananisimulia: "Wifi yako kasema yule tajiri atamwacha mkewe." Wifi yako kasema! Hata Chasu, lugha yetu ya nyumbani, hajui. Mtu anakuja wiki mbili kwa mwaka, anabonyeza kitufe, anakabidhiwa mama.

Mwaka jana nikaamua kumtangulia. Niliingia duka moja la vifaa vya umeme mjini Same, nikachagua televisheni ya kiasi na king'amuzi cha antena. Fundi akaviwasha palepale kaunta. Kwaya ilikuwa inaimba, na picha ilikuwa safi hata vifungo vya majoho ungevihesabu.

"Mwalimu, unaenda kuitumia wapi?" akauliza. "Maana hizi antena na milima..."

"Picha si nimeiona? Funga kwenye boksi."

Hilo ndilo kosa letu watu wa huku: tunajaribia tambarare, tunakwenda kutumia mlimani. Ngoja nikueleze kama fundi yule alivyotaka kunieleza. Antena hupokea mawimbi yanayotoka kwenye mnara, na mawimbi hayo ni kama macho ya mtu, yakikuta mlima yanaishia hapo. Dishi halina shida na mnara. Lenyewe linatazama juu angani, kwenye setilaiti, kwa hiyo likielekezwa vizuri mlima wa pembeni hauliathiri. Mjini Same hapakuwa na cha kuziba. Kwa mama, kati ya paa lake na mnara umelala mgongo mzima wa mlima. Hilo hata mwanafunzi wangu wa darasa la tano angeling'amua, lakini yeye hakuwa na wivu.

Siku mbili kabla ya Krismasi watu wa Dar es Salaam wakafika. Mimi nilikuwa nimeshasimamisha antena juu ya mlingoti mrefu wa mkaratusi, na mdogo wangu, hata vumbi la safari hajanawa, nikampa kazi ya kuuzungusha huku mimi nikitazama kioo.

"Imekuja?"

"Bado!"

"Sasa je?"

"Ilikuja kidogo, umeipita! Rudisha!"

"Dada, nirudishe wapi? Nimeshazunguka dunia mara mbili."

Kwenye kioo maneno yalikuwa yaleyale: hakuna mawimbi. Wifi alikuwa amesimama barazani na mama, anamenya ndizi.

"Wifi, usiukatie tamaa huo mlima," akasema. "Utundikie ubao, uufundishe. Si ndiyo kazi yako?"

Mama alicheka hadi akashika nguzo. Nikajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alicheka hivyo kwa mzaha wangu. Sikukumbuka.

Kisha wifi huyohuyo akaleta dawa, na dawa ikaniuma kuliko ugonjwa. "Waya tunao mwingi," akasema. "Tuuvute kutoka kwetu, mama aangalie akiwa kwenye kochi lake." Ningekataa kwa sababu gani ya kusema mbele za watu? Mdogo wangu akaupitisha waya juu ya migomba, na televisheni yangu ikawaka. Nilipiga vigelegele mwenyewe. Saa moja baadaye ndipo nikaelewa kwamba king'amuzi kimoja hutoa picha moja. Kinachochaguliwa kule ndicho kinachoonekana huku. Televisheni ilikuwa yangu, rimoti ilikuwa yake.

Siku ya Krismasi, tulipotoka kanisani na kula, nikamketisha mama kwenye kochi na kikombe cha chai ya tangawizi. Bahati nzuri kule walikuwa wameweka kipindi cha kwaya. Nikaanza kumweleza: hawa wa mbele ni sauti ya kwanza, wale warefu wa nyuma ndio wanaoshika besi, sikiliza wanavyoingia. Katikati ya ubeti, pwa! Mpira. Nikatoa kichwa dirishani.

"Rudisheni kwaya! Mama anaangalia!"

"Dada, subiri, ni penalti!"

Baada ya mpira ikaja ile tamthilia. Sikukata tamaa. Nikamweleza mama nani ni nani, nani kamdhulumu nani, na kwa nini midomo ya waigizaji haiendani na maneno. Nilipogeuka kumuuliza kama ameelewa, alikuwa ameshasimama na mkongojo mkononi.

"Unakwenda wapi, mama? Picha si ni ileile?"

"Najua."

"Kochi lako hili hapa, chai hii hapa. Kule kuna nini ambacho kwangu hakipo?"

Nina miaka arobaini na minane, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto aliyenyimwa nyama.

Mama akasimama kizingitini. "Mwanangu, wewe unaeleza vizuri. Ila unanieleza kila kitu. Kule wananiuliza. Wajukuu wanataka niwaambie kwa Chasu. Mama yao kila siku anachelewa mwanzo kwa ajili ya jiko, na mimi ndiye ninayempa habari. Kwako nimekuwa mwanafunzi."

Akaenda. Nikabaki na midomo ya waigizaji. Nitakudanganya nikisema nilielewa papo hapo; kwanza nilikasirika, nikanywa ile chai yake yote. Ndipo nikazima televisheni, nikavuka kiwanja.

Sebuleni kwa wifi watoto walikuwa kwenye mkeka, wifi mwenyewe yuko mezani anachambua mchele, na mama amekalia kiti kikubwa. Kwenye kioo mwanamume wa suti alikuwa akifoka.

"Huyu ni kaka wa yule mgonjwa," mama akawa anawaambia, kwa Chasu kisha kwa Kiswahili. "Amekuja kudai shamba."

Hakuwa kaka. Alikuwa wakili, na wala shamba halikuwepo. Nikasogea mezani, nikamtazama wifi, naye akanitazama. Na yeye alijua kwamba mama amekosea. Nikafungua mdomo nisahihishe, akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikayameza maneno, machungu kama mwarobaini, nikakaa mkekani.

"Mama," nikasema, "na yule wa gauni la kijani ni nani?"

Nilimjua vizuri sana, yeye na ukoo wake. Lakini mama aligeuka mzima mzima kunielekea, akapunguza sauti ya televisheni.

"Sogea hapa," akasema. "Nikueleze."

Akanieleza hadi tamthilia ikaisha, na muda wote huo mkono wake mmoja ulikuwa juu ya bega la wifi, aliyekuwa amevuta kiti karibu yake. Niliuona. Bado nauona. Wivu wangu haujapona, na sitaki ufikiri umepona.

Lakini nawe sikukuu hii, ukiketi na mzazi wako mbele ya televisheni, mwonyeshe mtu mmoja kwenye kioo, muulize, "Huyu ni nani?", kisha funga mdomo mpaka amalize.