Mlenda wa Mama

Nimesoma hadi darasa la nne tu, na wenye digrii zao wananiita bosi. Tofali za nyumba nyingi mpya mnazoziona Dodoma zimetoka kwenye mashine zangu. Nasema hivi mjue kwamba mimi si mtu wa kushindwa na karatasi. Lakini kuna moja ilinishinda.

Nilikuwa hospitalini, nimekwenda kupima presha. Binti mmoja mtafiti akanisogelea, akaniamkia vizuri, akaniuliza kama kwetu kuna aliyefariki kwa kansa ya umio, ile njia ya chakula, au ya tumbo. Nikamwambia mama, na kabla yake mjomba. Nikaona amefurahi, halafu akaona aibu kwa kufurahi. Akanieleza kwamba wanatafuta kwa nini ugonjwa huu hurudi katika familia zile zile. Pengine ni kitu kwenye vinasaba tunavyorithishana, pengine ni vyakula, pengine vyote kwa pamoja. Akatoa fomu ya maswali, akashika kalamu.

"Baba, mama alianza lini kushindwa kumeza?"

Nilikuwa sijui. Nikamwambia nitamletea jibu.

Enzi za uhai wake, kila Jumapili nilikuwa naendesha gari hadi kwake Bahi na paja la mbuzi. Paja zima, majirani waone. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akalisifu, akaniombea dua. Kisha akala ugali wake kwa mlenda. Kwa asiyeujua, mlenda ni majani ya porini. Ukiiva unavutika, na tonge linateleza lenyewe. Sisi Wagogo tunaula tangu hatujaota meno. Mama kula mlenda, nani angeshtuka? Nilikuwa namtania, "Mama, umaskini umeshaisha, kula nyama." Anacheka tu.

Basi nikaenda kwa dada yangu mkubwa, ambaye sasa anaishi kwenye nyumba ya mama kule Bahi. Nilimkuta uani anapeta mpunga.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, tajiri. Leo mbuzi umemwacha wapi?"

Nikamweleza habari ya fomu. Akapeta ungo mzima kabla ya kujibu.

"Ni ule mwaka uliotujengea nyumba hii. Alianza kuniambia niuongeze maji mlenda. Mwisho akawa anaunywa."

"Na nyama?"

"Ukimtazama, anatafuna. Ukigeuka, anaitema kwenye khanga. Iliyobaki walikula majirani."

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ukijua huji tena kwa furaha. Na mimi ningekuambia saa ngapi, mdogo wangu? Ukija hapa unaongea wewe."

Nilikaa kwenye kigoda cha mama, nikatamani Jumapili moja tu, nisilete kitu. Nikae mbele yake, nimwangalie shingoni tonge likishuka, nimuulize, "Mama, linapita?"

Kesho yake tulikwenda hospitalini wawili. Dada alijibu, binti akaandika. Ilipofika zamu ya kutoa damu ya utafiti, nikauliza majibu yangu nitayafuata lini.

"Baba, haya siyo ya kukupima wewe. Damu yako italinganishwa na za watu wengi. Tukibahatika, itawasaidia watakaokuja."

Mimi sijazoea kutoa kitu bila kujua kinakwenda kwa nani. Nikakunja shati, nikanyoosha mkono. Dada naye akatoa, amegeuza uso ukutani.

Tulipotoka nikamwambia achague hoteli yoyote mjini, zote wananijua. Akasema amechoka, twende kwake, mlenda upo.

Tulikula uani, bakuli moja. Kila tonge nililisikiliza hadi likatua. Nilipoinua macho nikamkuta dada ananitazama shingoni, mkono wake umesimama juu ya ugali.

"Linapita?" akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Akamega tonge lake, na safari hii mimi ndiye niliyemtazama.