Maharage ya Wifi Niliyakuta Nyuma ya Soko

Nilionja kijiko kimoja cha maharage nyuma ya soko, na kijiko kikanidondoka.

Sio kwamba yalikuwa mabaya. Yalikuwa matamu kupita kiasi.

Shida ni kwamba maharage yale yale nilikuwa nimeyala miaka minne mfululizo, mezani kwa kaka yangu. Na aliyekuwa akiyapika ni wifi.

Ngoja nianze mwanzo, maana mkisikia nilichomfanyia bila kujua alichonifanyia, mtaniona mchawi.

Wakati nasoma chuo niliishi kwa kaka. Mke wake, yaani wifi yangu, alikuwa na sheria moja nyumbani: akipika, jikoni haingii mtu. Akirudi sokoni na kikapu chake kikubwa kilichofunikwa, anaingia nacho, mlango anaufunga kwa ndani. Tunasikia vyombo vinagongana, tunasikia redio, kisha anatoka na chakula kimeshapakuliwa.

Na kilikuwa kitamu jamani. Sitasema uongo.

Kazi yangu ilikuwa kuosha masufuria. Nikimwomba anifundishe hata wali tu, ananipandisha na kunishusha kwa macho.

"Wewe Bi Digrii, soma vitabu vyako. Jikoni kunataka akili."

Bi Digrii. Jina likaganda.

Nilipomaliza chuo nikapata kazi kwenye duka la kuchapisha kadi, nikapanga chumba changu. Dirisha moja, kitanda nyuma ya pazia, jiko la gesi la mtungi mdogo juu ya meza. Nilizunguka humo ndani nikicheka peke yangu.

Wali wangu wa kwanza ulitoka hivi: chini mkaa, katikati uji, juu punje mbichi. Sijui hata niliwezaje. Nikaupiga picha, nikamtumia kaka tucheke.

Kaka akamwonyesha mkewe. Mkewe akaitupa kwenye kundi la familia, wajomba wamo, mama wadogo wamo, na chini yake akaandika: "Mama, haya ndiyo yanayokusubiri kwa Bi Digrii."

Hapo ndipo aliponigusa pabaya.

Mama yetu magoti yalikuwa yamemchoka, hawezi tena kuishi peke yake. Ilibidi achague: aende kwa kaka, au aje kwangu. Na mimi nilimtaka. Wenzangu chuoni walikuwa wanaota magari. Mimi niliota nina paa langu, mama yumo ndani, na sahani mbili zimewekwa mezani.

Mama akanipigia simu. "Mwanangu, chumba chako kizuri nimekiona kwenye picha. Lakini kwako nitakula nini?"

Nililia. Halafu nikaacha kulia, nikaingiwa na hasira ya kimyakimya, ile inayoamka, inapiga mswaki na kwenda kazini kama kawaida.

Wiki iliyofuata mwenzangu wa kazini akanielekeza kwa mama mmoja muuza chakula, nyuma ya soko. Watu wote walimwita Shangazi, hata wazee waliomzidi umri. Ndipo nikaonja kile kijiko.

Tangawizi kwa mbali. Karoti iliyokunwa mpaka ikayeyuka. Limau mwishoni. Ulimi wangu haukuwa na shaka.

"Vipi binti, pilipili imezidi?"

"Hapana, Shangazi. Eti, una mteja mwanamke mrefu, anakuja na kikapu kikubwa?"

"Anayefunika na kitambaa cha maua? Huyo wangu! Mwaka wa sita huu. Saa tano na nusu hakosi. Tena anakuja na masufuria yake mwenyewe, hataki vyombo vyangu."

Masufuria yake mwenyewe.

Miaka minne nimeosha masufuria yale, na miaka minne nimejiuliza mbona hayashiki ukoko hata siku moja. Nikadhani ni ufundi!

Nilishashika simu nimpigie kaka. Nikairudisha mfukoni.

Hapana. Yeye alinianika mbele ya ukoo mzima. Kumsema kwenye simu ingekuwa kumhurumia.

"Shangazi," nikasema, "nifundishe kupika. Nitakuja kukumenyea vitunguu kila Jumamosi asubuhi."

"Mpaka sasa unajua nini?"

"Kuosha masufuria."

Alicheka mpaka akashikilia meza. "Basi nusu ya kazi unaijua."

Kwa nini nataka kujifunza, sikumwambia.

Jumamosi sita nilikuwa pale, na kabla ya saa tano na nusu nimeshaondoka. Shangazi hakuwa na mizani wala kikombe cha kupimia.

"Mchele ukishauosha na kuuweka sufuriani, simamisha kidole juu yake. Maji yakifika kiungo cha kwanza, basi. Ukichemka shusha moto, funika, na usifunuefunue kama unachungulia mume wa jirani."

"Na maharage? Gesi yangu ndogo."

"Yaloweke usiku kucha. Asubuhi yachemshe nusu saa, yakiwa yanatokota ifunge sufuria kwenye blanketi zito, nenda zako kazini. Ukirudi yamelainika yenyewe, unayachemsha tena kidogo na kuyaunga."

"Kitunguu je?"

"Kitunguu kipe muda. Moto mdogo, mpaka kilegee. Chakula cha watu wengi hakina ladha kwa sababu wanakiharakisha kitunguu."

Nilikula makosa yangu mengi wiki zile. Mayai yaliyopasuka, kabichi iliyogeuka supu. Lakini kila nilipokata kitunguu niliuona uso wa wifi.

Nikawa nakata vidogo vidogo sana.

Jumapili moja nikawaalika chakula cha mchana. Mama, kaka, wifi. Nikaandika kule kule kwenye kundi la familia, ili asipate pa kukwepea.

Walipofika, maharage yalikuwa tayari, wali tayari. Juu ya meza nilibakiza kabichi moja nzima, kitunguu, nyanya mbili na kisu.

Wifi alivuta hewa, akashangaa kidogo. "Umenunua wapi?"

"Nimepika, wifi. Imebaki kabichi tu, hii nimekuachia wewe. Mimi bado mwanafunzi, leo nataka nione mkono wa fundi."

"Mimi? Mgeni apike?"

"Mgeni gani? Wewe ni wa nyumbani."

"Nguo zangu zitashika mafuta."

Nikamvalisha aproni. Nilikuwa nimeinunua jana yake kwa kazi hiyo hiyo.

Kaka, masikini, akamsukuma kwa upendo. "Mwonyeshe, mke wangu. Huyu mtoto apate darasa."

Chumba changu hakina jiko la kufunga mlango. Ni hatua mbili kutoka kiti cha mama hadi kwenye moto.

Wifi akamimina mafuta. Akawasha moto wote. Akakishika kitunguu, akakigeuza, akakikata kati na maganda yake. Mafuta yakaanza kutoa moshi. Akaogopa, akachukua kikombe cha maji akamwaga humo humo.

Mlipuko wake, jirani aligonga ukuta.

Kaka alisimama. Mama aliweka mkono kifuani. Wifi alikuwa ameganda, nusu ya kitunguu mkononi, jasho juu ya poda.

Huo ndio muda niliousubiri Jumamosi sita.

"Vipi wifi," nikasema taratibu, "au Shangazi wa nyuma ya soko hafungui Jumapili?"

Mnaijua sura ya mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo? Ndiyo hiyo.

"Shangazi gani?" kaka akauliza.

Nikamwaga yote. Kikapu, kitambaa cha maua, saa tano na nusu, masufuria. Niliyasema polepole, nikiyafurahia neno kwa neno. Kaka akaanza kucheka, cheko la mtu asiyejua afanye nini na uso wake. Nilihisi utamu ambao sijawahi kuusikia. Nisiwadanganye, ulikuwa mtamu kuliko chakula chochote cha Shangazi.

Wifi akazima gesi. Hakunitazama mimi. Alimtazama mumewe.

"Wiki ya kwanza ya ndoa nilipika," alisema. "Unakumbuka ulifanya nini?"

Kaka akaacha kucheka.

"Ulitema. Mbele ya rafiki zako. Ukasema, laiti ungekula kwa mama yako. Sikulelewa na mtu wa kunifundisha, na baada ya siku ile ningemwuliza nani? Wewe?" Akanigeukia. "Halafu ukaja wewe kutaka nikufundishe. Nikufundishe nini?"

Nikaanza kuzipanga upya sahani ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Mama ndiye aliyenyanyuka. Kwa shida, magoti yakimlia, akafika kwenye jiko. Akamwaga mafuta yaliyoungua kwenye kopo, akaifuta sufuria.

"Kuna kitunguu kingine?" akaniuliza.

Nikampa.

"Njoo, mkwe. Anza na kichwa chake, hivi. Ganda linatoka lenyewe. Sasa moto mdogo. Mdogo zaidi. Enhe."

Walisimama hivyo bega kwa bega mpaka kabichi ikaiva. Tukala. Mama alimaliza wali wangu na maharage yangu mpaka akafuta sahani kwa kidole.

"Mwanangu, umepika. Hata mimi kwa umri wako sikuwa napika hivi."

Nikadakia. "Basi nitakuletea kitanda Jumamosi, mama. Pazia nitalisogeza."

Akanishika mkono.

"Naenda kwa kaka yako."

"Mama! Nimejifunza yote haya kwa ajili yako!"

"Najua. Na umeshajua. Hapa nitakaa kitini nakusubiri uniletee sahani. Kule kuna mtu anayehitaji kufundishwa, na mimi mikono bado ninayo." Akashusha sauti. "Na ulichomfanyia mwenzako leo, mwanangu, nisingependa kukaa nacho chumba kimoja. Nipe muda."

Waliondoka saa kumi jioni. Wifi ndiye aliyemshika mama mkono kwenye ngazi.

Mimi nikabaki na sufuria ya maharage ya watu wanne.

Leo ni mwezi wa tatu tangu siku ile. Mama anasema atakuja kunitembelea, na najua atakuja. Wifi nilimwomba radhi, akaitikia kwa kichwa. Bado hatujafika kwenye maneno.

Wewe unayeishi peke yako, jifunze kupika. Ni rahisi kuliko wanavyokutisha: kidole kwenye mchele, blanketi kwenye maharage, subira kwenye kitunguu. Lakini jipikie wewe, au mpikie unayempenda.

Mimi nilipika ili nimkomoe mtu. Kiliiva vizuri sana, hakikuungua hata kidogo.

Aliyeshiba ni wifi.