Kovu la Muuza Bunduki

Mimi simwamini mtu anayepunguza bei kabla hajaombwa. Akiniambia "chukua tu, wewe ni ndugu," naanza kutafuta mlango uko wapi. Mke wangu husema huu ni ugonjwa. Labda. Lakini katika habari hii ya bunduki ugonjwa wangu ulifanya kazi, ingawa mwongo mkubwa kuliko wote nilikuwa mimi mwenyewe.

Nilikuwa dereva Doha, mtaa wa Muaither, miaka ile barabara zote zimechimbwa kwa ajili ya treni na kila wiki njia uliyoizoea unaikuta imefungwa. Kafili wangu, yaani yule aliyenitolea viza na kunipa kazi, alikuwa mzee mrefu, mpole, mpenda kuwinda. Nilimwita Baba, kama wafanyakazi wote wa nyumba ile. Hakuwahi kukaa kiti cha nyuma. Alikuwa anafungua mlango wa mbele, anakaa pembeni yangu, anatoa tende mfukoni, moja yake, moja yangu, ndipo tunaondoka. Madereva wenzangu walinionea gere.

Kazi yenyewe niliipata kwa uongo. Wakala kule Dar es Salaam aliniambia wazi: "Huyu Mwarabu anataka dereva anayejua mambo ya porini. Sema ulikuwa unawabebea wawindaji bunduki." Kambi ya wawindaji niliijua kweli, nilikaa misimu minne kusini mwa Rufiji. Ila nilikuwa jikoni. Nilioka mikate kwenye shimo la makaa, nikaosha sahani, nikachemsha maji ya kuoga ya wageni. Bunduki niliziona zikitoka asubuhi na zikirudi mchana, basi. Nikamwambia wakala sawa, nilibeba.

Nilipofika Doha nikazidisha. Nikamsimulia Baba habari ya nyati aliyejeruhiwa akawageukia wawindaji, habari niliyoisikia kwa mbebaji wa kweli akisubiri chai mlangoni kwangu. Baba akaipenda mno. Akawa ananiita kwenye majlisi yake niwasimulie wageni, kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, na kila nikiirudia yule nyati anaongezeka mwili.

Mwaka wa tatu akaniambia anakwenda Tanzania kuwinda nyati, msimu ukifunguliwa. "Na wewe utakuja," akasema. "Utanibebea bunduki. Kisha nakupa wiki nzima ukamwone mama yako." Weee! Nilitaka kuruka. Mama sikuwa nimemwona tangu niondoke, na kwenye simu sauti yake ilikuwa imeanza kupungua. Lakini porini ningeumbuka siku ya kwanza tu. Nikajipa moyo kwamba nitasingizia goti.

Sasa, macho ya Baba. La kushoto lilikuwa limekufa zamani, linaona kivuli tu. La kulia lilikuwa limepasuliwa mwaka uliotangulia. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali na kumrudisha, mimi ndiye niliyekuwa namkumbusha matone ya dawa mwezi mzima. Daktari alimwambia mbele yangu kwamba jicho lile lisigongwe na kitu chochote, hata mpira wa mtoto. Ndilo alilobakiwa nalo.

Bunduki yake ya zamani ilikuwa ndogo, ya paa na sungura. Kwa nyati ilitakiwa kubwa, na kibali cha kununua alikuwa nacho. Tukaanza kuzunguka. Dukani tukakuta chapa mbili, moja ya Kijerumani na moja ya Kicheki. Ya Kijerumani ilikuwa nzuri hata mimi nisiyejua niliona ni nzuri, lakini bei yake ilimfanya Baba akohoe. Ya Kicheki ilikuwa nzito kama mchi, chuma na mbao, haina urembo hata wa kudanganyia. Baba akanigeukia. "Wewe unasemaje?"

Nifanyeje? Nikaishika ile ya Kicheki, nikafungua komeo lake kama nilivyowaona wenyewe wakifanya, nikachungulia mtutu, halafu nikainusa. Niliinusa kwa sababu mkuu wa wawindaji kambini alikuwa na tabia ya kunusa. Muuzaji wa duka akanitazama kama amemwona mwizi wa kuku. "Ni mpya hiyo, haina harufu," akasema. Nikamjibu kwamba hilo hasa ndilo nililokuwa nahakikisha. Baba akacheka, akaridhika. Mimi kijasho chembamba kilikuwa kinanitiririka mgongoni.

Siku mbili baadaye akapigiwa simu na mtu wa Al Wakrah, mfuga kozi, wale ndege wa kuwindia, aliyefahamiana naye kwenye mambo ya uwindaji. Amesikia Baba anatafuta bunduki ya nyati. Anayo moja ya Kiitaliano, nyepesi, ina darubini juu yake, imepigwa mara chache tu, na anaitoa nusu ya bei ya dukani. Nusu! Na hakuna aliyemwomba apunguze. Machale yakanicheza kabla Baba hajakata simu.

Tukaenda. Yule bwana alikuwa mfupi, mnene kidogo, mkarimu kupita kiasi. Kahawa inamiminwa kabla hujaimaliza. Karatasi za kuhamisha umiliki alikuwa amekwishazijaza, bado sahihi ya Baba tu. Nani kamwambia mtu ajaze karatasi kabla mnunuzi hajaiona mali? Bunduki yenyewe ilikuwa kama pambo, ukiiinua unaweza kudhani ni ya plastiki. Baba akaipenda kama mtoto. "Muulize Mwafrika wako," yule bwana akasema, akanikonyeza. Nilipotoka kwenda kuwasha gari akanifuata na boksi la halua. "Maneno yako yana uzito kwake," akaninong'oneza. Halua sikuila, nilimpa mtunza bustani.

Lakini nilikuwa nimeona vitu viwili. Cha kwanza, kitako cha ile bunduki kilikuwa kimekatwa. Mwenyewe ni mfupi, ameifupisha imkae begani, na pale mbao ilipokutana na ile raba ya kuegemea bega rangi yake ilikuwa mpya. Cha pili, alipoinama kuweka finjani, kilemba chake alichokishusha hadi kwenye nyusi kilirudi nyuma, nikaona kovu. Kovu changa, jekundu, limepinda kama mwezi mwandamo, juu ya nyusi ya kulia.

Kovu lile nalijua. Kambini nimeosha nyusi nne za namna hiyo, kwa maji ya moto na chumvi, kwa sababu mwenye maji ya moto alikuwa mimi. Mgeni anakuja na bunduki nyepesi ya risasi kubwa, kitako kifupi, jicho limeisogelea darubini. Akifyatua, bunduki inarudi nyuma kwa nguvu na ule ukingo wa darubini unamchana. Wakati nawafunga bandeji mkuu wa wawindaji alikuwa anafoka nyuma yangu: nyepesi inapiga wawili, mnyama na mwenyewe. Mmoja wao alishinda siku nzima haoni, na yule alikuwa na macho yote mawili mazima.

Baba akatoa neno lake kwamba Alhamisi atakuja kuichukua. Njia nzima ya kurudi alikuwa anapiga mluzi.

Nikamweleza mlinzi wa nyumba ya jirani, Mkenya, mtu wangu wa karibu kule. Akanisikiliza, akatikisa kichwa. "Buda, we nyamaza tu. Ukiongea, mzee atauliza umejuaje. Utasema nini, ulikuwa unaosha vyombo? Utajichoma bure. Kwani jicho ni lako?" Nikamwambia na safari ya kwa mama je? Akasema, "Hiyo pia inaenda."

Siku tatu nikauchuna. Nikawatilia shaka wote: muuza bunduki, mlinzi, hata Baba. Nikawaza labda ananijaribu, labda anajua zamani kwamba mimi ni wa jikoni na anangoja niseme ujinga kuhusu bunduki anifukuze. Kila alipokuwa ananipa tende nilikuwa nauchunguza uso wake kwanza. Mwenyewe anatabasamu tu, na lile jicho la kulia lina maji maji kama kawaida yake.

Alhamisi ikafika. Tumeshapita nusu ya barabara ya Al Wakrah, nikaingia kituo cha mafuta bila kuambiwa, nikazima gari.

"Mafuta yapo," Baba akasema.

"Baba, bunduki ile itakutoa jicho."

Nikamweleza kitako, uzito, kovu. Alisikiliza, lakini hakukubali. Watu wanaumia nyusi kwa mambo mengi, akasema, hata kwa mlango. Nikaona nampoteza.

"Si mlango, Wallahi. Nyusi kama ile nimeziosha nne kwa mikono yangu."

Akanigeukia. "Umeziosha? Mbeba bunduki ndiye anayeosha vidonda?"

Hapo ndipo. Ningeweza kuongeza uongo mwingine, na niliufikiria, nakiri. Ulikuwa tayari mdomoni. Lakini yule mzee alikuwa amenigeukia mwili mzima, maana jicho la upande wangu lilikuwa lile bovu, na ili anione ilimbidi ageuze shingo yote. Nikasema, "Nilikuwa jikoni, Baba. Bunduki sijawahi kubeba. Yule nyati nilisimuliwa."

Akatazama mbele. Baadaye akasema, "Twende."

Kwa yule bwana hakugusa kahawa. Akaomba bunduki, akahakikisha haina risasi, akamrudishia mwenyewe. "Iweke begani. Fyatua ukutani." Yule akacheka, "Lakini ni tupu!" Baba akamwambia ndiyo, ni tupu, fyatua. Akaiweka begani. Kidole kikaenda. Kabla hata haijalia, kichwa chake kikakurupuka nyuma, macho yamefumba, kilemba kikaanguka. Kovu likabaki wazi mbele yetu sote. Baba akasimama, akavaa viatu, akatoka.

Nilifurahi, nisifiche. Nilifungua mlango wa mbele kwa mbwembwe zote. Baba akaupita, akafungua wa nyuma, akaingia.

Siku ile ile alinunua ya Kicheki, ile nzito. Hakuniuliza ninasemaje. Hakunifukuza pia, na asante alisema, mara moja, akiwa ameangalia dirishani. Lakini tende zikaisha. Akaanza kuuliza nilipita njia gani, kwa nini nilichelewa, duka gani, nani shahidi. Kwenye kioo kila nikiinua macho nalikuta lile jicho la kulia, zima, limenikazia. Iliniuma, jamani. Iliniuma kuliko kufukuzwa, kwa sababu hakuwa ananionea.

Msimu ulipofunguliwa alikwenda Tanzania na mpwa wake. Niliwapeleka uwanja wa ndege, nikawashushia mizigo, na sanduku refu la bunduki nikalibeba mimi mpaka mlangoni. Mama nilimpigia simu nikamwambia kazi zimebana. Akasema haya mwanangu, basi mwakani.

Baada ya wiki tatu nikaenda kumpokea. Alitoka taratibu, ameungua jua, amepungua. Sikutazama mizigo, nilitazama nyusi. Safi, hakuna hata mchubuko. Alhamdulillahi, nikasema kwa sauti. Nikamfungulia mlango wa nyuma. Kabla ya kukaa, kabla hata hajaitikia salamu yangu, Baba aliinama katikati ya viti viwili vya mbele na kusoma kwenye dashibodi gari limetembea kilometa ngapi akiwa hayupo.