Kebini ya Wazazi

Jamani, aibu ninazo nyingi za kawaida, kama ile ya kuteleza kwenye matope ya Mlabani nikiwa na sare ya kwaya, lakini hii ya meli ya Alaska nawasimulia mwenyewe kwa sababu najua nusu yenu mmeshaisikia, na mlivyoisikia sivyo ilivyokuwa. Kwenye hadithi yenu mimi nimeshaolewa, na kuna mmoja (namjua, yupo hapa, anajifanya anatafuta kiti) amesema nina mimba, kwa umri huu wa kuitwa bibi.

Mambo yalianza vizuri. Binti yangu Konsolata ni nesi huko Seattle, Marekani, na ameolewa na Masanja, kijana wa Kisukuma wa Mchombe, si mbali na hapa Ifakara. Baba yake Masanja, Mzee Shija, ndiye mkwe wangu. Wana mtoto mmoja wa kiume, amepewa jina la babu yake, anakimbia, anaimba, anajibu mpaka unacheka, na mimi sijawahi kumshika, nimeshika simu tu. Sasa mwaka huu wakasema wazazi njooni, viza zikatoka (tulivyohangaika nazo ni mkasa mwingine), na kwa kuwa likizo yao ni fupi wakaona badala ya kujifungia nyumbani tukiangaliana, tupande wote meli ya kitalii inayokwenda Alaska, wiki nzima majini, kwenda kuangalia barafu. Mama yake Masanja alishafariki, na baba Konsolata tulimzika zamani, kwa hiyo wazazi tuliobaki ni sisi wawili, mimi na Mzee Shija.

Basi mimi nikawa mtaalamu wa meli. Mnajua kazi yangu ni cherehani, nakaa kibarazani pangu nashona, na kila aliyekuja kupimwa sketi aliondoka amefundishwa Alaska. Niliwaeleza kuwa chumba cha melini kinaitwa kebini, na kebini si zote sawa. Kuna za ndani kabisa hazina dirisha, unaamka hujui kama ni mchana, kuna zenye dirisha lisilofunguka, na kuna zenye kibaraza chake, unakaa na chai yako nyangumi anapita. Tena meli ikitia nanga kuna matembezi ya nchi kavu, unachagua mwenyewe: treni ya milimani, helikopta inayokwenda kutua juu ya barafu, mbwa wanaokokota kigari kwenye theluji, au kusimama darajani kumwangalia dubu akivua samaki. Mama mmoja wa Sanje, ambaye migomba yake tembo wameimaliza, aliniuliza kama ni kweli kule watu wanalipa ili wapelekwe karibu na mnyama, na kama wanapewa debe la kupiga. Nikamjibu kwa upole wa mtu aliyeishi huko kwamba dubu wa kule wana utaratibu wao. (Dubu sijawahi kumwona hata kwenye kalenda.)

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Konsolata aliniambia Jumamosi atapiga simu ya video tuchague kebini na matembezi, na akaniomba nimwite mkwe kwangu maana simu yake ni kitochi. Jumamosi hiyohiyo jumuiya yetu ilikuwa inasali kwangu. Mtu mwenye akili angesema mwanangu, piga kesho. Mimi nikamwambia apige jioni ileile, watu wakimaliza tu sala, tena nikaazima spika ya kwaya nikaunganisha na simu, eti mkwe asikie vizuri. Masikio ya mkwe ni mazima kabisa. Niliyetaka asikie ni Mama Filipo, mwenyekiti wetu wa jumuiya, ambaye mwanawe alimpeleka Dodoma kwa ndege na hadithi ya ndege ile tumeisikia mpaka rubani tunamjua.

Mzee Shija alikuja kutoka Mchombe na mfuko wa mchele, shati jeupe limepigwa pasi, kofia ameiweka gotini. Nikamwamkia shikamoo, nikampa kiti kizuri, tukasali. Sasa kabla sijaendelea nikumbushe jambo mnalolijua. Mkwe akiwa kwako hakatai kitu, ukimwekea chakula anakula hata kama ameshiba. Na wewe mwenye nyumba humkatalii mkwe mbele za watu, kwa sababu kumkatalia mkwe hadharani ni kumvua nguo. Yeye amelelewa hivyo Usukumani na mimi nimelelewa hivyo Mahenge, na kwa hilo tunafanana kabisa.

Simu ikalia. Nikaiegemeza kwenye chupa ya chai, uso wa Konsolata ukatokea, kwake ndiyo kwanza kunakucha na Masanja ameshakwenda kazini. Tukaanza na matembezi. Mimi nikachagua nyangumi na barafu, kwa sauti kubwa, nikafafanua na sababu, jumuiya ikapiga makofi. Mkwe akachagua mbwa. Akasema yeye amelima na maksai maisha yake yote, anataka aone mbwa wanafungwaje nira. Watu wakacheka vizuri, nami nikajiona mama mwenye bahati kuliko wote Ifakara, na hapo hapo Konsolata akaingia kwenye kebini.

"Mama, zilibaki mbili tu zenye kibaraza. Moja tutalala sisi na mtoto. Nyingine tumewawekea wazazi."

Ile spika, ambayo siku zote inakoroma, siku hiyo ilitoa maneno safi mpaka barabarani. Mama Filipo akauliza wazazi gani, kama vile yeye ndiye anayesafiri. Konsolata akajibu bila wasiwasi kwamba ni baba na mama, vitanda ni viwili, vinatenganishwa, wala hatutabanana. (Mtoto amekaa Marekani mpaka amesahau kwamba kwetu hata maji ya kuoga ya mkwe unayapeleka ukiwa umeangalia pembeni.)

Mimi nikamwangalia mkwe, nikisubiri akatae kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Mkwe akaniangalia mimi, akisubiri nikatae kwa kuwa nyumba ni yangu na binti ni wangu. Tukasubiriana. Watu wote mle ndani walikuwa wameacha hata kujipepea. Konsolata akauliza mbona kimya, baba, ni sawa? Mzee Shija akaizungusha kofia gotini, akakohoa kidogo.

"Kama mama mwenye nyumba ameridhia," akasema, "mimi nimepokea."

Fikirini mngekuwa mimi. Nikisema sijaridhia, nimemfukuza mkwe wangu mbele ya jumuiya nzima pamoja na katekista, na habari ingefika Mchombe kabla yake. Mdomo wangu, ambao haujawahi kunisaidia hata siku moja, ukasema wenyewe, "Na mimi nimepokea."

Mtu huko nyuma akapiga kigelegele. Katekista akasimama, akasema mambo ya furaha yana utaratibu wake, Kanisa halimkatazi mjane wala mgane, ila watu waanze kwa paroko, ndoa itangazwe, ndipo habari za vyumba zifuate. Mimi naitikia kwa kichwa, nitafanyaje? Mkwe akashukuru, akala sahani ya pili ambayo hakuihitaji, akaaga.

Jumatatu wakaanza kuja wateja kupimwa nguo za harusi. Harusi yangu! Wamechagua na kitenge, wameelewana na rangi, na mimi mjinga nikachukua futi nikawapima, maana kazi ni kazi. Niliwaambia hakuna kitu kama hicho, wakasema ndiyo, bibi harusi lazima aseme hivyo.

Nikampigia Konsolata, safari hii nikiwa nimejifungia chumbani. Nikamwambia mimi na mkwe hatulali chumba kimoja hata kama kina ukuta wa saruji katikati. Akasikitika, akasema alijua tungekataa kama hatutaki, sasa tulisema tumepokea na tayari ameshathibitisha, meli imejaa, na nikijitoa nafasi haitapatikana tena. Nikakata simu nikalia, kweli nililia, kwa sababu nikijitoa yule mtoto nitamshika lini, na nikienda nitarudi Ifakara kwa jina gani?

Nikiwa bado natafuta jibu, Jumapili ikafika, na Jumapili ikaja na ng'ombe. Mdogo wake Mzee Shija, ambaye habari aliipata mnadani ikiwa imeshanenepa, aliona ukoo wao usionekane hauna adabu, akamleta ng'ombe jike mwekundu wa kubishia hodi, yaani wa kuanzia posa. Akamfunga kwenye nguzo ya kibaraza changu, akaniamkia kwa heshima zote, akaondoka. Ng'ombe wa wakwe humrudishi, hiyo ni vita. Kwa hiyo watu waliotoka misa ya kwanza walinikuta mimi na ng'ombe tunatazamana, na waliotoka misa ya pili walimkuta ameshakata kamba na yuko kwenye tuta la mchicha la Mama Filipo, na Mama Filipo amesimama na kanga moja akiniita "bibi harusi" kwa sauti ambayo haikuhitaji spika.

Nikasema basi, yatosha. Kesho yake nikavaa gauni langu zuri (msiniulize kwa nini zuri), nikapanda gari la Mlimba la asubuhi mpaka Mchombe. Njia nzima napanga maneno. Nilimwonea huruma yule mzee, jamani. Niliona mtu mzima, mpweke, amepiga pasi shati, amekubali mbele za watu, sasa naenda kumvunja moyo. Nikapanga nianze na sifa zake, nifuatishe na Biblia, halafu ndiyo nimkatae taratibu.

Nikamkuta uani anageuza mpunga alioanika. Nikamsalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, kwa kumlainisha, akaniletea kigoda. Zile sifa zote zikanipotea.

"Mkwe, nimekuja kwa ile kebini," nikasema. "Mimi sitaweza."

Nikaangalia chini nisione anavyoumia. Kisha nikasikia ameshusha pumzi, ndefu, ya mtu aliyetua gunia.

"Ahsante sana, mkwe," akasema. "Tangu siku ile nasali ukatae."

Akaita watu wa nyumbani kwake niletewe uji, akakaa, na uso wake ulikuwa umechangamka kwa namna ambayo, niseme kweli, haikuwa ya lazima. Akaniambia alikuwa hali chakula wala halali usingizi, na ng'ombe hakumtuma yeye. Kukataa pale kwangu angewezaje? Nikamuuliza, kwa kucheka tu, kama kinachomtisha ni ile aibu ya mkwe na mkwe. Akasema hiyo ndiyo ya kwanza. Akafikiri kidogo, maana ni mtu mkweli.

"Wewe ni mama mwema, mkwe. Lakini unaongea sana, na kule ni maji kila upande, mtu huna pa kutokea."

Nikacheka. Nilicheka sana, kuliko alivyocheka yeye. Kisha tukapanga kama watu wazima, kwamba wanawake na mtoto tulale kebini moja, yeye na mwanawe walale nyingine. Nikampigia Konsolata palepale. Akasema kwa sauti ndogo kwamba safari hiyo yeye na Masanja walikuwa wanaiita fungate yao, maana hawakuwahi kuipata. Nikamwambia fungate haiozi. Ng'ombe tukakubaliana abaki kwangu awe wa mjukuu, ndiyo maana mnamwona, na mchicha nimempandia Mama Filipo upya kwa mikono yangu.

Kwa hiyo mtasema yameisha salama, mtoto nitamshika, jina langu limebaki safi, na ni kweli. Mimi nilirudi kwenye gari nikimshukuru Mungu mpaka tulipofika katikati ya mashamba, ndipo kitu kikanichoma. Maana tangu ile Jumamosi, niwafiche nini, kuna gauni la kulalia nilikuwa nashona. Refu, mikono mirefu, la heshima kabisa, ila shingoni nilikuwa nimetia lesi. Nilikuwa najiambia ni baridi ya Alaska. Nilipanda gari kwenda kumkataa mtu, nikashuka Ifakara nimekataliwa mimi.

Tangu hapo simu zote napokea chumbani, mlango nimefunga, hata kama aliyepiga amekosea namba. Tunaondoka mwezi ujao. Konsolata ameniambia kebini zetu zimepakana, na vibaraza vyake vimetengwa na ubao mwembamba tu, ukikaa unamsikia jirani hata akikohoa. Nimeapa wiki nzima nikiwa kibarazani pale sitasema neno, nyangumi apite, barafu ianguke, nitanyamaza kimya. Na mkwe akiona ukimya umemzidi, abishe hodi mwenyewe.